Lori la Watoto wa Okot

Mjukuu wangu wa mwisho ana miaka minne, na juzi alinishika kidevu. Tulikuwa uani. Yeye alikuwa anapika udongo kwenye kifuniko cha kopo, mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki na redio sikioni. Alikuwa ameshanipakulia mara tatu, na mara tatu nilisema "kitamu sana" bila kutazama. Ndipo akanijia, akakishika kidevu changu kwa vidole vya matope na kuugeuza uso wangu kama anavyogeuza kifuniko cha chupa.

"Babu," akasema, "uko wapi? Mimi niko hapa."

Jirani yetu ni fundi wa magari, na maji ya mvua huleta oili yake chafu hadi kwenye ua wetu. Yale matope yalikuwa na harufu hiyo, udongo mweusi na oili. Wivu ulinishika kabla sijakumbuka chochote. Mzee wa umri wangu, nimekaa kivulini nyumbani kwangu, moyo ukaniwaka kama wa mtoto aliyenyimwa. Ilinichukua muda kujua ninamwonea wivu nani.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa kwenye kota za askari, kilimani Mbuya, chumba kimoja na sebule, mimi mtoto wa kwanza na wadogo zangu wawili, mmoja bado ananyonya. Baba alikuwa sajenti, fundi katika gereji ya jeshi. Wa rika langu hawana haja ya kuelezwa miaka ile ya utawala wa kijeshi ilikuwaje. Sote tulijifunza kulitambua gari kwa mlio wake kabla halijakata kona, na kujua lipi lina shughuli zake na lipi linakuja kuchukua mtu. Baba ndiye aliyejua kuliko sote, kwa kuwa mengine aliyatengeneza yeye mwenyewe.

Jioni alikaa barazani akipiga buti kiwi. Nikianza kumsimulia habari za shule, ananyanyua kidole. Nanyamaza. Gari linapita barabarani, yeye analifuata kwa sikio mpaka liishe kabisa, kisha anasema, "Endelea." Naendelea, lakini namwona usoni kwamba amesahau nilikuwa nasema nini. Siku moja nilimletea gari la waya nililolitengeneza kwa wiki nzima, lina usukani unaozungusha magurudumu ya mbele kwelikweli. Alilipokea, akasema "zuri," akanirudishia likiwa limepinduka, magurudumu juu. Nadhani hakuona kwamba ni gari.

Sikumlaumu wakati huo. Nilijua baba ni mtu wa namna hiyo, kama ambavyo wengine ni warefu na wengine wana upara. Unaweza kuishi na hilo, ilimradi hujamwona akiwa vingine.

Gari langu lilikuwa halina taa. Taa tulizitengeneza kwa vizibo vya soda, na kizibo hakitoki sawasawa kwa nyundo. Kinataka kulazwa juu ya reli treni ya mizigo ipite. Kwa hiyo Jumamosi moja niliteremka peke yangu hadi Namuwongo, nikapanga vizibo vyangu kwenye chuma, nikajificha nyuma ya rundo la mataruma ya zamani, yale magogo yanayobeba reli, kungoja treni.

Nikiwa pale nikasikia lori likikataa kuwaka. Lilikohoa, likatetemeka, likafa. Likakohoa tena. Nililijua lile lori, lilikuwa lile kuukuu la jeshi lenye hendeli ya kuwashia kwa mbele, ambalo baba alikuwa akilitukana kila mara. Nikachungulia kulitafuta. Hapakuwa na lori. Palikuwa na safu ya nyumba za mabati, uwanja mdogo wa udongo mweusi, na baba yangu amepiga magoti na mikono chini, kifulana tupu, miguu mitupu. Watoto wawili walikuwa wamempanda mgongoni. Wa tatu, msichana wa miaka sita hivi, alikuwa ameushika mkono wake wa kulia na kuuzungusha kwa nguvu zake zote.

"Zungusha, fundi! Hendeli!" baba alipiga kelele. "Betri imekufa!"

"Wewe lori ni mzee!" yule msichana akamjibu. "Tutakuuza chuma!"

"Usiniuze, Akello! Nina watoto!"

Akakohoa, akatingishika mwili mzima, kisha akawaka. Siwezi kuueleza mlio ule. Aliingiza gia ya kwanza, ya pili, akizunguka uwanja kwa magoti, na yule mdogo kabisa, ambaye hata hakuvaa suruali, alibadilisha gia kwa kulivuta sikio lake.

"Okot Mdogo, polepole, utavunja gia!"

Treni ilipita. Mabehewa yale yalitikisa ardhi hadi meno yangu yakagongana, na mbwa wote wa Namuwongo wakabweka. Baba hakugeuka. Yeye ambaye nyumbani aligeuzwa na baiskeli tu, treni nzima ilimpita mgongoni asiiangalie. Alikuwa anawaangalia wale watoto kana kwamba hakuna kitu kingine duniani kinachopiga kelele. Buti zake alikuwa amezipanga ukutani, soksi ndani, na saa yake ya mkono ameitia ndani ya soksi.

Niliokota vizibo vyangu na kurudi nyumbani. Taa zilitoka nzuri. Sikuzifunga kwenye gari.

Okot nilimfahamu. Alikuwa fundi mwenzake baba, mtu wa kicheko kikubwa, aliyekuja kwetu mara nyingi na kuninyanyua kwa kwapa hadi kichwa kikagusa dari. Kisha akaacha kuja. Nilipouliza, mama alisema Okot amesafiri. Mwaka ule watu wengi wa kota zetu walikuwa wamesafiri, na mimi niliamini neno hilo lilivyo. Akilini nilimwona Okot dirishani kwenye treni, amepakata begi, akila ndizi. Sasa nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mwenye nyumba yuko safarini, baba yangu amekwenda kuchukua nafasi. Kule kota palikuwa na wanaume wenye nyumba mbili, na watoto tulijua kila mmoja na nyumba yake ya pili. Nyumba ya pili ya baba ilikuwa ile, na kicheko chake chote alikuwa anakipeleka huko. Kwetu alileta buti tu.

Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Hakuna aliyenituma, lakini sikuweza kuacha. Nilitaka kuona kila kitu wanachopata. Niliona Akello akimtia maji mdomoni kwa kikombe, "kwa rejeta," na baba akiyarusha juu kama chemchemi. Niliona akilala chali na watoto wakiingia chini ya magoti yake na vijiti, kumkaza boliti. Aliwaita mafundi. Mimi, mtoto wa fundi, hajapata kuniita fundi. Siku moja Okot Mdogo alianguka, akalia. Baba hakusema "nyamaza," wala hakumwita mama yake. Alikaa naye chini pale pale, akakitazama kidonda kwa makini yale yale aliyokuwa akiitazamia injini, akauliza, "Inauma wapi hasa? Hapa? Au hapa?" Mtoto akaacha kulia ili apate kujibu vizuri.

Mimi nyuma ya mataruma nilijikwaruza goti kwa makusudi. Nilikwenda nalo nyumbani jioni ile, nikakaa karibu naye barazani, goti mbele. Alinyanyua kidole, gari lilikuwa linapita.

Mama yao alikuwa mwanamke mwembamba, akiuza mihogo ya kukaanga mlangoni. Hakucheza, hakucheka sana. Alisimama na mwiko mkononi, akitazama njia, kila mara njia. Niliona hilo na sikuliuliza maana. Nilimchukia kwa kuwa alikuwa na baba yangu na bado hamtazami.

Jumamosi ya sita nilichukua buti.

Sisi watoto wa kota tulijua vitu vichache, lakini hivyo tulivijua barabara. Tulijua kwamba buti ya jeshi ina namba ya mwenyewe ndani. Tulijua kwamba askari akikutwa bila buti zake anapata adhabu. Ndiyo maana nilizichagua. Nilitaka atafute, akose, arudi kwetu miguu mitupu kupitia barabara kuu, watu wamwone. Kisha azikute chini ya kitanda chake, ajue kwamba nimemwona. Hayo tu. Nilitambaa kutoka nyuma ya mataruma, ukuta haukuwa mbali. Lori lilikuwa limezimika, mafundi wote wako chini yake. Nilizifunga kamba pamoja, nikazitundika shingoni na kuondoka. Zilikuwa nzito na zilinipiga kifuani kila hatua.

Kwenye barabara ya kupanda Mbuya palikuwa na kizuizi: mapipa mawili, gogo, askari wawili. Nilikuwa nakipita kila siku. Mtoto bila kitu huwa haonekani. Siku hiyo nilionekana.

"Wewe mutoto! Kuja hapa. Hiyo buti umeiba wapi?"

"Sijaiba. Ni ya baba."

"Baba yako nani?"

Nikataja jina na cheo. Yule aliyekuwa amekaa juu ya pipa akacheka. "Sajenti natembea bila buti? Amekunywa waragi?"

"Hapana. Anacheza."

"Nacheza nini? Mpira?"

"Anajifanya lori. Watoto wanamwasha na hendeli."

Walicheka wote wawili, mmoja akajipiga paja. Sitadanganya: kicheko kile kilinifurahisha. Kwa Jumamosi sita nilikuwa nimebeba jambo lile peke yangu, na sasa watu wazima wenye bunduki walikuwa wanamcheka baba yangu pamoja nami. Nilitaka wacheke zaidi.

"Kila Jumamosi," nikasema. "Anacheza na watoto wa Okot, kule kwa reli. Sisi watoto wake hachezi na sisi hata siku moja."

Yule wa juu ya pipa alishuka. "Okot gani?"

"Okot fundi. Amesafiri."

Walitazamana. Hakuna aliyecheka tena. "Bibi yake iko hapo? Na watoto?"

"Wako. Anauza mihogo."

Alizivua buti shingoni mwangu polepole, kwa upole kabisa, akazipindua, akasoma namba. Akanishika kichwa. "Kwenda nyumbani," akasema. "Wewe ni mutoto muzuri."

Nilipanda kilima nikijua kuna kitu nimekiharibu, bila kujua ni kitu gani. Nyumbani nilikaa nyuma ya tanki la maji mpaka mama alipoanza kuniita. Sikumwambia chochote. Baba hakurudi siku hiyo wala kesho yake.

Siku ya tatu mama aliniketisha na kuniambia, kwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto kwa kuwa hana mtu mzima wa kumwambia. Okot hakusafiri. Alichukuliwa kutoka gereji mchana, mbele ya wenzake, na hakuna aliyeuona mwili, kwa hiyo hapakuwa na matanga. Hakuna aliyethubutu kukanyaga nyumbani kwake kumpa pole mkewe, kwa sababu kumpa pole ni kusema kwamba mumewe amekufa, na kusema amekufa ni kusema kwamba wameua. Nao waliomchukua walidai ametoroka, kwa hiyo mkewe na watoto walikuwa wanatafutwa. Mama yao alikuwa anangoja njia ya kuwapeleka watoto kwao kaskazini. "Baba yako alisema hawezi kuwapa baba yao," mama aliniambia. "Alisema anaweza kuwapa Jumamosi mchana. Nilimkataza. Sasa unaona."

"Na watoto?" niliuliza.

"Hawapo. Waliokwenda kule walikuta mihogo inaungua kwenye mafuta, na nyumba tupu. Baba yako wamemkamata barabarani, karibu na kizuizi, miguu mitupu. Alikuwa anakuja mbio huku huku juu."

Anafuata buti zake, nikawaza. Niliwaza hivyo kwa siku zote kumi na moja alizokuwa kifungoni. Hata siku hizo, na hili ndilo ninaloliona baya kuliko yote, hata nilipokuwa naomba Mungu amrudishe, kulikuwa na sehemu ndani yangu iliyokuwa inahesabu: amefungwa kwa ajili yao. Kwa ajili yangu asingefungwa.

Walimrudisha kwa kuwa gari la mkubwa mmoja liliharibika na hapakuwa na mwingine wa kulitengeneza. Alishuka mlangoni kwetu amekonda, na mkono wake wa kushoto haukufunga tena vizuri. Hatukuuliza. Baada ya muda dereva wa lori la pamba alimletea habari kwa mdomo kwamba wale watu wanne walifika kwao wazima. Baba alisikiliza, akashukuru, akaingia ndani. Hakuwaona tena maisha yake yote, wala Namuwongo hakuteremka tena.

Nimekuwa baba wa watoto wanne. Niliwasomesha, niliwavisha, na nilikaa nao uani jioni nyingi nikiwa na gazeti au redio au hesabu za kichwani. Mkubwa wangu aliwahi kuniambia, bila hasira, kwamba hakumbuki hata mchezo mmoja tuliocheza. Nilimjibu kwamba nililelewa hivyo. Ulikuwa uongo. Nilikuwa nimeonyeshwa inavyofanywa, Jumamosi sita mfululizo, na nilichojifunza pale kilikuwa ni kuwaonea wivu tu waliokuwa wanafanyiwa.

Aliporudi kutoka kifungoni, kwa sababu ya ule mkono, baba hakuweza kufunga kamba za buti. Mama alikuwa na mtoto mgongoni na uji motoni, kwa hiyo kazi ile nilipewa mimi. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda barazani, mimi nikapiga magoti mbele yake na kufunga, kushoto na kulia, yeye akitazama juu ya kichwa changu. Majuma kadhaa yalipita hivyo. Asubuhi moja nilikuwa nimemaliza buti ya kushoto, na maneno yakanitoka nikiwa nimeinama, nikiiambia ile buti.

"Baba, ni mimi niliyechukua. Na ni mimi niliyewaambia askari. Nilitaja jina la Okot."

"Najua."

Sikuthubutu kunyanyua kichwa. "Uliambiwa?"

"Nilipoona buti hazipo nilijua ni wewe. Nikajua utapita wapi, na watakuuliza nini. Nikamwambia mama Akello achukue watoto wapite kwenye kinamasi, wasifunge hata mlango."

"Halafu ukaja kufuata buti."

"Buti?" Alishangaa kwelikweli, alisema neno lile kana kwamba nimetaja kitu cha nchi nyingine. "Mtoto yuko kwenye kizuizi na watu wale, mimi nifuate buti? Nilikuwa nakutafuta wewe, kijana."

Ningepaswa kulia, au kuomba msamaha, au kumshika miguu. Lakini nilikuwa na miaka kumi, na wivu wangu ulikuwa bado haujashiba, kwa hiyo nikauliza lile nililotaka kuliuliza tangu siku ya kwanza.

"Kwa nini hukucheza na mimi?"

"Nilikuona," akasema. "Jumamosi ya kwanza kabisa, nyuma ya mataruma. Shati lako la njano, mtu angekuona toka Bugolobi. Nikasema atakuja. Nikasema labda anaona haya, ni mkubwa, hawa ni wadogo, nikimwita nitamwaibisha. Kila Jumamosi nikija nilitazama kwanza kama upo. Upo. Nikakungoja utoke mwenyewe."

"Sikujua kama unaningoja," nikasema.

"Hata mimi sikujua," akasema baba. Aliusogeza mguu mwingine mbele yangu. "Haya, funga na hii ya kulia. Nachelewa kazini."